Kilichovuka maji na kisichovuka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu matumizi ya nyumba Lamu

Nyumba yangu iko Langoni, na ina watu saba: mimi, mume wangu, watoto wanne na mama mkwe. Mume wangu ana boti ya kubeba abiria na wageni, kwa hiyo pesa za nyumba hii huja na upepo na huondoka na upepo. Daftari la matumizi nimeliandika miaka kumi na mmoja sasa. Majirani na shoga zangu wanajua lilipo, na huja kuniuliza maswali yale yale, hasa bahari inapochafuka. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kama ninavyowajibu tukiwa tumekaa uani. Bei za madukani sikuziandika, maana hubadilika kabla wino haujakauka. Pale panapotaka hesabu nitasema "tuseme", nawe utatia bei ya duka lako.

Mbona kila kitu Lamu ni ghali kuliko Mombasa, hata sabuni?

Kwa sababu kimelipa nauli mara nyingi. Gunia la sukari hutoka Mombasa kwa lori, likapita Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe. Hapo barabara ndiyo mwisho. Hushushwa, hupakiwa botini, huvushwa, hushushwa tena gatini, kisha hamali au punda hulifikisha dukani, kwa sababu vichochoro vyetu havipitishi gari. Kila aliyeligusa amelipwa, na wa mwisho kulipa ni wewe. Lami ya kutoka Garsen imepunguza tope na siku za kukwama njiani, lakini maji ya Mokowe yako pale pale.

Nilipolielewa hili ndipo nilipoligawa daftari langu pande mbili. Upande mmoja ni vilivyovuka maji: unga, sukari, mchele, mafuta ya kupikia, majani ya chai, sabuni, vitunguu, viazi, gesi. Upande wa pili ni visivyovuka: samaki, nazi za Matondoni na Kipungani, ndimu, embe za mashamba ya kisiwani, mchicha wa jirani. Katikati kuna vilivyovuka kidogo tu, kama ndizi, muhogo na mahindi ya miji ya bara ya karibu, Hindi na Mpeketoni.

Cha kuvuka, kinunue mara chache na kwa wingi. Kisichovuka, kinunue kidogo kidogo, siku zake zikiwa zimefika. Wengi wetu tunafanya kinyume. Sukari tunanunua ya shilingi ishirini kila asubuhi, na siku upepo wa kusi unapochafua bahari tunataka samaki nguru.

Nikinunua kwa kupimiwa napoteza kiasi gani hasa?

Tupige hesabu ya mafuta. Tuseme dumu la lita 20 ni shilingi 5,000, yaani 250 kwa lita. Tuseme kikombe cha robo lita dukani ni shilingi 80. Vikombe vinne ni 320. Umepoteza shilingi 70 kwa kila lita. Nyumba inayotumia lita tano kwa mwezi hupoteza 350, na kwa mwaka ni 4,200. Hayo ni mafuta peke yake. Sukari, unga na sabuni ya unga zina hesabu zao.

Simlaumu mwenye duka. Yeye amefunga pesa yake kwenye lile dumu, akakugawia wewe usiyeweza kulifunga. Lakini ukiijua bei ya huduma hiyo utaamua mwenyewe kama unaitaka kila siku.

Sina pesa ya dumu wala ya gunia. Nianzie wapi?

Anza na kitu kimoja tu, kile unachotumia kila siku na kisichoharibika. Mimi nilianza na sukari, kilo kumi, kwa pesa niliyopokea kwenye mchezo, ule mchango tunaopokezana kwa zamu. Kisha nikafanya hivi: kila asubuhi nilipochota sukari ya siku, nikatia kwenye kopo la maziwa zile shilingi ambazo ningempa mwenye duka. Sukari ilipoisha, kopo lilikuwa na bei ya kilo kumi nyingine na ziada kidogo. Ziada ile ikaanzisha mafuta. Mafuta yakaanzisha mchele. Ilinichukua karibu mwaka mzima kufika kwenye mchele, na sikukopa popote.

Njia nyingine ni kushirikiana. Nyumba tatu za ukuta mmoja zinunue gunia moja na kupimiana kwa kibaba, wote wakiwa wamesimama hapo. Pimeni siku ile ile gunia linapofika. Likilala kwa mmoja, hata akiwa mwaminifu vipi, maneno hayakosi.

Na angalizo moja: kitu kikiwa kingi, mkono huchota bila kuhesabu. Chai huwa tamu zaidi, mahamri hunywa mafuta zaidi. Weka kibaba chako ndani ya pipa na uamue cha siku ni vingapi. Asiyepima hapati faida yoyote ya kununua kwa jumla.

Nikiweka chakula kingi kinaingia fukusi na unyevu. Nifanyeje?

Hewa yetu ina chumvi na majimaji, kwa hiyo gunia lisiguse sakafu wala ukuta. Liweke juu ya mbao. Afadhali zaidi, mimina kwenye mapipa ya plastiki yenye kifuniko cha kubana. Mchele na mbaazi nazianika juani kutwa moja kabla ya kuzifunga, nikazipoza, kisha natia pilipili kavu chache na majani makavu ya mwarobaini yaliyofungwa kitambaani. Unga usizidishe wa mwezi mmoja na nusu.

Mahindi au karanga zikiota ukungu, tupa. Usiwape kuku, wala usizioshe ukazikausha ukasaga. Sumu ya ukungu haitoki kwa kuosha wala kwa kupika, na inaharibu ini. Hapa hakuna hasara ya kuokoa.

Samaki amekuwa ghali. Wenzetu mnakulaje samaki kila siku?

Hatuli kila siku, ila karibu. Kitoweo ndicho kinachokula pesa nyingi kuliko yote nyumbani kwangu, na ndicho kilichonifundisha zaidi, kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Kwanza, jua upepo. Kaskazi, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, bahari hutulia, mashua hufika mbali na samaki huwa wengi. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, mawimbi huwa makubwa, vyombo vidogo hubaki ndani ya mkondo, na samaki wachache wanaopatikana hugombaniwa. Bibi zetu walikausha wakati wa kaskazi ili wale wakati wa kusi, na mimi nimerudia kazi hiyo. Samaki mpasue mgongoni, mtoe matumbo, mwoshe, mchanje mikato, mpake chumvi mpaka ndani ya mikato, alale usiku mmoja, kisha umwanike juani siku mbili tatu chini ya chandarua ili nzi wasimguse. Huyo ndiye ng'onda. Kipande kidogo cha ng'onda kwenye tui, pamoja na biringani au maembe mabichi, kinatosha wali wa watu saba. Mbichi wa kutosha watu hao ungelazimika kuwa mara tatu yake.

Pili, jua mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hutoka sana na miamba hubaki wazi. Watu hutembea kwa miguu wakachokoa pweza. Siku hizo pweza hushuka bei, na za maji mafu hupanda. Mimi kalenda yangu ya pweza ni mbingu. Akija mwingi, namchemsha wote, nikala nusu, nusu nikaianika.

Tatu, jua majina. Nguru, kolekole, chewa na kamba wanatafutwa na mahoteli, na bei yao ni ya mahoteli. Tafi, pono na mkizi ni samaki wa nyumba. Tafi wa kuchoma, aliyekamuliwa ndimu, mimi simpunguzii heshima mbele ya nguru yeyote. Wakati wa kumpara angalia miiba yake tu, ina sumu na inauma sana. Tena ulizia vichwa. Kichwa cha kolekole au cha chewa mkubwa kina nyama mashavuni na shingoni, na hutoa mchuzi mzito kuliko mnofu. Wanaokata vipande vya hoteli huuza vichwa kwa bei ya kuondoa mzigo.

Nne, jua saa. Asubuhi na mapema bei ni ya wanaochagua. Karibu na adhuhuri muuzaji asiye na barafu huanza kuita. Hapo utapata mtungo mzima kwa bei ya nusu mtungo. Lakini angalia macho yasiwe na ukungu, mashavu ya kupumulia yawe mekundu, na nyama irudi ukiibonyeza. Na kwa jodari, vibua na nguru usingoje bei ya adhuhuri hata kidogo. Samaki hawa wakikaa kwenye joto bila barafu hufanya sumu ambayo moto hauiondoi. Mlaji huvimba uso, huwashwa mwili, moyo humwenda mbio. Mtoto wa dadangu yalimpata, na tangu siku ile jodari namnunua akiwa kwenye barafu au simnunui.

Siku mbili kwa wiki hatuli samaki. Jumatatu ni mbaazi za nazi, Alhamisi ni pojo au maharage. Mama mkwe alinung'unika mwezi wa kwanza, mwezi wa pili akaanza kuniuliza kama mbaazi zimerowekwa.

Nazi moja itatoshaje vyungu viwili?

Itatosha ukikuna mwenyewe na ukikamua kwa mpango. Tui la kwanza, zito, liweke pembeni. Tui la pili na la tatu, jepesi, ndilo la kupikia: mbaazi ziive ndani yake, au wali uanzie humo. Tui zito linaingia mwisho, dakika chache kabla ya kuepua. Ladha ya nazi inayosikika ulimini ni ya tui lililoingia mwisho. Wanaomimina zito tangu mwanzo hulichemsha mpaka likakatika, kisha wanaongeza nazi ya pili.

Chicha wape kuku. Vifuu na makumbi usitupe: kausha, vinawasha jiko vizuri kuliko mafuta ya taa na havinuki. Tui la pakiti limevuka maji. Liweke kwa siku ya dharura.

Gesi au makaa, kipi nafuu?

Vyote viwili, kila kimoja na kazi yake. Chai ya asubuhi, kukaanga yai, kupasha kiporo, hizo ni kazi za gesi, kwa sababu jiko la makaa hulazimika kuwashwa zima kwa ajili ya kikombe kimoja. Maharage, mbaazi, nyama ya ng'ombe na mahindi ni kazi za makaa. Mtungi wa kilo 13 kwa kawaida huwa na nafuu kwa kilo kuliko wa kilo 6, na humlipa hamali safari moja badala ya mbili. Gawanya bei kwa kilo kabla ya kuamua.

Lakini nishati kubwa haiokolewi kwa kuchagua jiko. Inaokolewa kabla hujawasha. Nafaka kavu zirowekwe tangu jioni. Na zichemshwe kwa maji ya mvua, kama unayo. Maji yetu ya kisima yana chumvichumvi na chokaa, na chokaa hufanya ganda la maharage ligome kulainika. Nimejaribu vyungu viwili, maharage ya mfuko mmoja, jiko moja: cha maji ya mvua kilitangulia kuiva kwa muda wa kutosha kupika wali. Wengine hutia magadi. Yanalainisha kweli, ila yanaondoa baadhi ya vitamini na kubadilisha ladha, kwa hiyo mimi siyatii.

Chungu kikishachemka vizuri, kitoe, kizungushie mablanketi ya zamani ndani ya kapu la makuti, kifunike, ukiache saa mbili. Kitaendelea kuiva kwa joto lake. Na wali upalie kama tulivyofundishwa: makaa machache juu ya kifuniko, machache chini. Makaa yaliyobaki yazime kwa kuyafunika ndani ya debe. Kesho yatawaka tena.

Maji ya bomba hayaji kila siku, na ya kununua ni ghali.

Mji wetu unakunywa maji ya visima vya machunguni, kwenye vilima vya mchanga kule Shela. Chini ya michanga ile kuna maji matamu yaliyotokana na mvua, nayo yana kikomo. Wazee walilijua hilo, ndiyo maana nyumba za mawe zilijengwa na mabirika, yaani matangi ya maji, na visiwani kuna majabia ya kuvuna mvua. Sisi tuliofuata tukayageuza mabirika kuwa stoo.

Kama paa lako ni la mabati au la saruji, weka mfereji na pipa kubwa kabla ya masika. Mvua ya kwanza iache ioshe paa, inayofuata ndiyo uivune. Funika pipa kwa chandarua. Maji haya ni ya nafaka na ya kufua. Sabuni kwenye maji ya chumvichumvi haitoi povu mpaka iwe imepotea nyingi. Kwenye maji ya mvua nusu yake inatosha. Mwaka nilioweka pipa, miche ya sabuni kwenye daftari ilipungua kwa karibu theluthi katika miezi ya mvua. Sabuni ya mche nayo ikate vipande, uipange kivulini wiki tatu ikauke. Mbichi huyeyuka bure mikononi.

Maji ya kunywa yachemshe au yatie dawa. Mtoto akiharisha, bei ya hospitali ni kubwa kuliko makaa uliyookoa.

Tokeni za stima zinaisha upesi. Kuna ujanja?

Ujanja hakuna, kuna kuelewa. Tangu Aprili 2023, nyumba ambayo wastani wake wa miezi mitatu hauzidi uniti 30 kwa mwezi hutozwa kiwango cha chini kabisa. Kuna daraja la pili mpaka uniti 100, na juu ya hapo kiwango hupanda tena. Kwa hiyo nyumba yenye taa, simu, redio na feni moja inaweza kukaa daraja la chini ikijichunga. Yenye friji haiwezi, ila inaweza isivuke 100.

Friji kuukuu lenye mpira uliolegea linafanya kazi usiku kucha. Bana karatasi mlangoni: ikichomoka bila kushikwa, badilisha mpira. Nguo zipigwe pasi zote mara moja kwa wiki. Taa za zamani za waya badilisha.

Je, kuchukua bidhaa dukani kwa daftari la deni ni vibaya?

Si vibaya, na wengi wetu tusingefika hapa bila mwenye duka mwenye huruma. Tatizo ni kwamba anayekopa haulizi bei. Pesa mkononi huuliza: mbona jana ilikuwa hivi? Mwenye deni hunyamaza. Kisha anakuwa hana uhuru wa kwenda duka la pili, hata kama mchele huko ni nafuu, kwa sababu ataonekana.

Kama unakopa, uwe na daftari lako, na kila kitu kiandikwe pande zote mbili siku ile ile. Watoto usiwatume kwa deni. Wakitumwa unga watarudi na biskuti. Na kata deni kwa kitu kimoja baada ya kingine: mwezi huu sukari yote kwa pesa taslimu, mwezi ujao mafuta.

Mkopo wa simu wa kununulia chakula, dadangu, hapana. Ada ya mingine inahesabiwa kwa siku, na chakula kimekwisha liwa kabla hujalipa. Afadhali daftari la mwenye duka wa hapa kona, anayekujua na kukusubiri mpaka boti itoke.

Ada za M-Pesa nazo ni pesa ya kuhesabu?

Ndiyo. Kwa ada za sasa, kutoa shilingi 200 kwa wakala na kutoa 2,500 hukatwa sawa, shilingi 29. Anayetoa mia mbili mia mbili mara kumi amelipa 290, bei ya kitoweo. Toa mara moja kwa wiki, ugawe kwenye makopo. Na dukani lipa kwa namba ya till. Mnunuzi hakatwi chochote.

Mchezo unasaidia au unanibana?

Unasaidia ukiwa na shabaha. Mchezo wa wanawake kumi, kila mmoja akitoa shilingi mia mbili kwa wiki, humpa mmoja elfu mbili kwa wiki yake. Hazijazaa, ni zile zile zako, lakini zimekuja zikiwa pamoja, na pesa iliyo pamoja ndiyo inayonunua dumu. Ikija elfu mbili ukaigawa tena kuwa mia mbili za sokoni, ulikuwa unapoteza muda.

Omba zamu yako iangukie mwanzo wa kusi, au Shaabani. Wengi hupigania zamu ya kwanza, mimi huiacha. Na usiingie michezo mitatu. Nimeona mtu akikopa ili atoe mchezo.

Pato letu si la mshahara. Tutapangaje bajeti ya mwezi?

Usipange ya mwezi. Panga ya msimu. Nyumbani kwetu wageni huwa wengi Julai na Agosti, kisha Desemba mpaka Machi. Mei na Juni mvua hunyesha, bahari huchafuka na mahoteli mengi hufunga. Nikipanga kwa mwezi, Januari tungekula kuku na Mei tungekula maneno.

Ninachofanya ni hiki. Nimejua kutoka kwenye daftari nyumba inakula kiasi gani kwa wiki, kwa uchache wake. Katika miezi mizuri, kila pesa inayozidi kiasi hicho huenda sehemu mbili: nusu inanunua vilivyovuka maji vya miezi mibaya, mchele, mafuta, sabuni, na nusu inakaa pesa. Kufikia mwisho wa Machi mapipa yanatakiwa yawe yamejaa. Mei nikiwa na mchele, ng'onda, mbaazi na mafuta ndani, nahitaji pesa kidogo sana ya kutoka nje. Kiasi cha uchache mume wangu anakijua kwa namba, na hilo lilimaliza ugomvi mwingi. Zamani nilikuwa namwambia "pesa hazitoshi" naye anasikia lawama. Sasa namwonyesha ukurasa.

Ramadhani na sherehe zinavunja kila mpango. Nifanyeje?

Ziingize kwenye mpango, basi. Kosa ni kupanga kwa kalenda ya Januari hali maisha yetu yanakwenda kwa mwezi mwandamo. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo anayeweka akiba "miezi kumi na mbili" hukutwa hajamaliza. Mimi nahesabu mifunguo, yaani miezi inayofuata Ramadhani. Kuanzia Mfunguo Mosi naweka kidogo kila wiki kwenye kopo la Ramadhani. Mfunguo Sita ni Maulidi, mji hujaa wageni, na nyumba yetu hupokea jamaa wa Pate na wa Mombasa. Maulidi yana kopo lake. Tende, unga wa ngano, sukari na tambi nanunua Rajabu, kabla bei haijasikia harufu ya mfungo.

Futari yenyewe tumeipunguza sinia. Zamani mezani palikuwa na vitu tisa na nusu yake hulala. Sasa kila jioni ni uji, tende, kitafunio kimoja cha kukaanga na chakula kimoja kizito, tukibadilisha siku kwa siku. Viazi karai leo, bajia kesho. Chenga za mchele, ambazo huuzwa nafuu, ndizo ninazorowekea vitumbua na mkate wa kumimina, kwani mchele huo utasagwa hata hivyo; pishori ya wali ni ya wali.

Harusi ni jambo zito na sitaki kumfundisha mtu mila yake. Nasema tu kwamba leso za sare si faradhi. Mwaka mmoja nilishona sare nne. Mwaka uliofuata niliwaambia wenyewe mapema, kwa adabu, kwamba nitakuja na leso niliyonayo na nitashinda mekoni siku mbili kupika. Walinishukuru kwa zile siku mbili.

Watoto wanataka pesa ya shule kila siku.

Mahamri mawili ya nyumbani na mbaazi zilizobaki zinashinda pakiti ya vibanzi vya dukani kwa bei na kwa shibe. Pesa wape siku moja, Ijumaa, na uwaache waamue wenyewe.

Inafaa nivuke niende Mpeketoni kununua mwenyewe?

Peke yako kwa kapu moja, hapana. Hesabu boti kwenda na kurudi, gari kutoka Mokowe kwenda na kurudi, chakula cha njiani, na kutwa nzima. Watatu wanne mkimtuma mmoja kuleta ndizi, muhogo, mahindi na maembe ya watu wote, inafaa, hasa mavuno yakiwa yameingia. Nauli gawanyeni kwa uzito wa mizigo. Kwa bidhaa za Mombasa, kama una jamaa huko, mzigo wa basi mpaka Mokowe mara moja kwa miezi mitatu unaweza kulipa. Piga hesabu mpaka mlangoni kwako, si mpaka Mokowe. Kipande cha mwisho, boti na punda, ndicho watu wanachokisahau.

Mambo gani hutakiwi kuyabana?

Maji safi ya kunywa. Maziwa na samaki wa mtoto aliye chini ya miaka miwili na wa mama anayenyonyesha. Dawa ya mzee. Ujira wa msichana anayekusaidia kazi, maana naye ana daftari lake kwao. Sahani ya jirani aliyefiwa.

Daftari lenyewe naliandikaje?

La kurasa mia mbili, la mistari. Kurasa mbili kwa wiki moja: kulia vilivyovuka maji, kushoto visivyovuka. Kila kitu mstari wake: siku, kiasi, bei. Juu ya ukurasa andika upepo na mwezi, mfano "kusi, bamvua", kwani mwaka ujao ndicho utakachokitafuta. Andika jioni, baada ya Isha, kabla hujasahau ile ndimu ya shilingi tano. Usijumlishe kila siku, utachoka ukaacha; jumlisha Alhamisi usiku. Na kalamu ifunge kwa uzi kwenye daftari.